Kipimo cha mimba cha karatasi cha maduka ya dawa ya Dar: kizuri, mkosaji huwa ni saa na kalenda

Simama kaunta ya duka lolote la dawa hapa Dar es Salaam, iwe Mbagala Rangi Tatu, Buguruni au Tegeta, sema "nipatie UPT", na utapewa kifuko cha foili chenye urefu wa kiganja. Ndani mna ukanda mwembamba wa karatasi na kipakiti kidogo cha kukausha unyevu. Bei yake ni ya soda moja au mbili. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kinafanya kazi vizuri, vizuri kuliko sifa yake mtaani, na hakuna haja ya kulipa mara nyingi zaidi ili uambiwe jambo lile lile. Malalamiko yanayokifuata tunayajua. "Kilisema hapana na mimba ipo." "Mstari wa pili umetokea baada ya saa nzima." "Viwili vya siku moja vimetoa majibu tofauti." Karibu yote chanzo chake ni siku aliyopima mtu, dakika aliyosoma, na tarehe ya hedhi ambayo haikuandikwa popote.

Kingine cha kujua kabla hujalipa: karatasi hii haijui umri wa mimba. Mstari uliokolea hauna maana ya miezi mingi, na uliofifia hauna maana ya mimba dhaifu. Umri unatafutwa kwa kalenda, kisha kwa altrasaundi.

Karatasi inafanya nini

Yai lililorutubishwa hujipachika kwenye ukuta wa kizazi kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kupevuka. Kwa wengi ni siku ya 8 hadi ya 10. Kuanzia hapo ndipo homoni ya hCG inaingia kwenye damu na baadaye kwenye mkojo. Siku za mwanzo inaongezeka takriban maradufu kila siku mbili au tatu, inafika kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, halafu inashuka kiasi.

Mkojo unapanda kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Unapita kwanza kwenye kipande chenye chembe za rangi zilizobeba kingamwili za kuikamata hCG. Ukikuta homoni, chembe hizo zinakwenda nayo mpaka kwenye mstari wa T, zinanaswa hapo, na rangi inaonekana. Zinazobaki zinaendelea hadi mstari wa C, ambao kazi yake ni kukuambia kwamba mkojo umefika na karatasi ni nzima. Kwa hiyo C isipotokea, hakuna jibu lolote hapo hata kama T imekolea. Tupa, chukua nyingine.

Angalia kifuko kimeandikwa nini. Nyingi zimeandikwa 25 mIU/ml, ndicho kiwango cha chini kabisa cha homoni wanachoahidi kukigundua. Zipo za 10. Tofauti kati ya 25 na 10 ni kama siku mbili tu za ukuaji wa homoni, kwa hiyo ukisubiri siku mbili na kipimo cha kawaida umepata kile kile.

Kununua

Vitu vinne kabla ya kulipa. Tarehe ya kuisha muda. Kifuko kiwe hakijatoboka wala kubonyea kwenye mshono. Kipakiti cha kukausha unyevu kiwemo (utakigusa kwa nje ya foili). Na mahali kilipokaa dukani. Cha nne ndicho kinachosahaulika. Vifuko vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30, na Dar ya Januari hadi Machi inapita 30 mchana bila shida. Duka lenye feni na kabati la ndani ni sawa. Boksi lililobandikwa kwenye kioo cha mbele linalopigwa na jua la saa nane ni la kuachwa. Nyumbani pia usikiweke kwenye gari, juu ya friji, wala bafuni kwenye mvuke. Duka liwe lenye kibali, famasi au duka la dawa muhimu, kwa sababu vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na muuzaji wa kwenye meza ya barabarani hana wa kumuuliza amevipata wapi.

Nunua viwili. Cha pili ni cha kurudia baada ya siku tatu, usikitumie dakika hiyo hiyo kwa sababu moyo haukubali.

Siku ya kupima, na malaria ambayo si malaria

Siku nzuri ni ile hedhi ilipotakiwa kuja na haikuja, na bora zaidi ni wiki moja baada ya hapo. Ukipima kabla, "hapana" yake haina uzito, maana huenda mimba haijajipachika bado au homoni haijafika kiwango. Kwa asiye na mzunguko unaoeleweka, hesabu siku 21 tangu tendo la mwisho lisilo na kinga. Aliyemeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ahesabu vivyo hivyo: P2 haigeuzi jibu la kipimo, ila inaweza kuisogeza hedhi mbele au nyuma, kwa hiyo kuchelewa pekee hakumwambii kitu.

Dalili zina nafasi yake, lakini hazitoshi. Matiti kujaa na kuuma, uchovu usioeleweka, kukojoa mara kwa mara, harufu ya dagaa wanaokaangwa jirani kugeuka adhabu, hamu ya udongo wa pemba. Kichefuchefu kwa wengi huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, kikafika juu kabisa karibu na wiki ya 9. Mwanamke mwenye uchovu, kichefuchefu, kizunguzungu na mwili mzito katika jiji hili anaambiwa ana malaria au taifodi, mara nyingi na mtu asiyemuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Anaondoka na dawa. Baadhi ya dawa, kama doksisaiklini, hazimfai mjamzito, na za minyoo husubiri miezi mitatu ya kwanza ipite. Kama uko kwenye umri wa kuzaa na hedhi imechelewa, UPT itangulie dawa. Kipimo cha malaria kifanyike pia, kwa sababu malaria kwa mjamzito ni hatari na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuhusu udongo, tunasema wazi: acha. Unazuia madini ya chuma kufyonzwa, unaweza kuleta minyoo na madini ya sumu kama risasi, na hamu yenyewe mara nyingi inaendana na upungufu wa damu.

Namna ya kupima

Mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliokaa kibofuni angalau saa nne. Kosa la kawaida ni kunywa lita nzima ya maji ili mkojo "uje vizuri": unakuja mwingi na mweupe, na homoni imezimuliwa. Mimba ikishapita wiki ya sita saa yoyote inafaa.

Chombo kiwe kikavu na kisafi, kisicho na sabuni. Kikombe cha plastiki cha kutupa kinatosha. Wenye choo cha pamoja, kama nyumba nyingi za kupanga za Manzese au Tandale, kojoa kwenye kikombe, kifunike, pimia chumbani kwenye mwanga wa dirisha. Taa ya njano ya chooni inaficha mstari mwepesi wa waridi.

Chana foili ukiwa tayari, usiifungue jioni kwa ajili ya asubuhi. Unyevu wa Dar unaiharibu karatasi iliyoachwa wazi. Shika upande wa rangi, chovya upande wenye mishale ukielekea chini, usivuke mstari wa MAX. Sekunde 5 hadi 10 au kama kifuko kinavyosema, kisha laza juu ya kitu kikavu, bapa. Ukivuka MAX mkojo unafurika juu ya sehemu ya kusomea na kusomba rangi kabla haijanaswa. Ukiisimamisha au kuiinamisha, rangi inakimbilia upande mmoja na kuacha mawingu.

Washa saa ya kuhesabu kwenye simu. Soma dakika ya 3 hadi ya 5, na baada ya dakika 10 usisome tena.

Mistari, kwa karibu

Hapa ndipo watu wanapoteza usingizi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mistari miwili, hata wa T ukiwa mwepesi kama chai iliyotiwa maziwa mengi, ndani ya muda: mimba ipo. Masharti ni mawili: uwe na rangi, waridi au zambarau kama ule wa C, na uwe na upana sawa na wa C kutoka ukingo hadi ukingo. Mwepesi maana yake homoni bado kidogo, au mkojo ulikuwa mwepesi. Rudia baada ya saa 48 hadi 72. Ukikolea, vizuri. Ukififia au kupotea na damu ikaja, mara nyingi ni mimba iliyojipachika ikatoka mapema sana. Hutokea kwa wengi, na hapo karatasi haikukosea.

Mstari wa kijivu, mwembamba kama mkwaruzo wa kucha, uliotokea baada ya dakika 10 au uliokutwa jioni kwenye pipa la taka: huo ni alama ya mkojo uliokauka pale gundi ya kingamwili ilipo. Si jibu. Karatasi ikishasomwa, ikunje na uitupe, usiirudie.

C peke yake: hakuna mimba, au umepima mapema. Hedhi isipokuja ndani ya wiki, rudia.

"Ndiyo" ya uongo ni nadra. Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu, viuavijasumu, dawa za malaria, hakuna hata kimoja kinachouleta mstari wa pili. Wanaoweza kuupata bila mimba mpya ni aliyejifungua au kutokwa na mimba wiki chache zilizopita, kwa kuwa homoni inachukua wiki kadhaa kuisha. Aliyechomwa sindano ya hCG kwenye matibabu ya kutafuta mtoto, ambaye asubiri siku 14 tangu sindano. Na mara chache sana, mwenye uvimbe unaotengeneza homoni hiyo.

"Hapana" ya uongo ni ya kawaida zaidi, na ipo moja ya ajabu inayostahili kujulikana. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, karibu na wiki ya 8 hadi ya 12, kwa mimba ya mapacha au mimba zabibu (kizazi kujaa vifuko kama zabibu badala ya mtoto), inazifunga kingamwili zote za karatasi kwa wakati mmoja na mstari wa T unashindwa kujengeka. Mama ana tumbo, ana kichefuchefu, karatasi inasema hapana. Maabara huuzimua mkojo huo kwa maji safi, sehemu moja kwa tisa, ikapima tena, na mstari ukatokea. Dalili zikiwa wazi na karatasi inakataa, nenda kapimwe damu au altrasaundi, usibishane na karatasi.

Na mstari wa T hausemi mimba imekaa wapi. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwenye mrija, inatoa mistari miwili kama nyingine. Maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, damu, kizunguzungu au kuzirai, maumivu ya ncha ya bega: hospitali muda huo huo, usiku huo huo. Mrija ukipasuka damu inavujia ndani na hakuna cha kusubiri asubuhi.

Chumvi, sukari, dawa ya meno, jiki

Vipimo hivi vinazunguka kwenye simu kila mwezi na tunavipa sifuri. Dawa ya meno inatoa povu kwa sababu nyingi zina chokaa na mkojo una asidi. Mkojo wa baba mwenye nyumba nao utatoa povu. Chumvi na sukari hugandamana kutegemea joto, wingi wa mkojo na vilivyomo ndani yake. Hakuna hata kimoja kinachoitambua hCG. Jiki ndiyo mbaya zaidi: ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na mapafu, na wewe umeinamia kikombe ndani ya choo kisicho na dirisha. Bei ya jiki na ya UPT hazipishani sana.

Ndugu zake wa bei ya juu

Cha kaseti ni karatasi ile ile ndani ya plastiki, unadondoshea matone matatu kwa kitone. Kinasomeka kwa urahisi na hakifuriki, kwa hiyo mwenye mikono inayotetemeka kinamfaa. Cha kukojolea moja kwa moja kinaondoa shida ya kikombe. Vya kielektroniki, kama Clearblue ya wiki ambayo watu huletewa na ndugu kutoka nje, vina karatasi ndani pia, ila kuna jicho la taa linaloisoma na kukuandikia. Kile cha wiki kinaandika 1–2, 2–3 au 3+, na wiki hizo zinahesabiwa tangu mimba kutungwa. Kliniki inahesabu tangu hedhi, kwa hiyo ongeza mbili. Kikiandika 2–3, kliniki itakwambia 4–5. Kipimo cha damu cha hCG kina faida pale daktari anapotaka namba mbili zilizopishana saa 48 aone zinapandaje. Kwa kujua tu kama mimba ipo, mkojo unatosha.

Kalenda: kazi ambayo karatasi haiwezi

Umri wa mimba unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku damu ilipoanza, wala si ilipokata. Mimba nzima ni siku 280, wiki 40, kutoka hapo. Kupata tarehe ya matarajio, chukua siku hiyo, ongeza siku 7, ongeza miezi 9.

Tuseme hedhi ilianza tarehe 10 Juni 2025. Kumi ongeza saba ni 17, miezi tisa mbele ni Machi: 17 Machi 2026. Tarehe nyingine zinaweza kupishana na hesabu ya siku 280 kwa siku mbili tatu kwa sababu miezi hailingani. Hilo lisikusumbue, kwani wanaojifungua siku yenyewe ni wachache na wiki mbili huku au huku ni kawaida.

Kanuni hiyo inadhani mzunguko wako ni wa siku 28. Wa siku 35? Ongeza 7, ifike 24 Machi. Wa siku 25? Punguza 3. Programu za simu zinafanya hesabu ile ile, na nyingi zinaanza na 28 mpaka uzibadilishie mwenyewe. Usipoziambia mzunguko wako, zitakupa jibu zuri la mtu mwingine.

Makosa mawili yanaharibu hesabu hii kuliko mengine. La kwanza ni damu kidogo, ya matone, ya siku moja au mbili, inayokuja karibu na tarehe ya hedhi wakati mimba imeshajipachika. Mama anaiita hedhi, anahesabu kuanzia hapo, na mimba inapungua wiki nne kwenye kadi. Muulize, au jiulize: ilikuwa ya kawaida yako, kwa wingi na kwa siku? Kama haikuwa, rudi kwenye ile ya kabla. La pili ni sindano ya miezi mitatu na kunyonyesha. Aliyekaa mwaka bila hedhi kwa ajili ya sindano anaweza kubeba mimba kabla hajaona damu hata mara moja, na huyo kalenda haimsaidii. Aende altrasaundi mapema.

Asiyekumbuka tarehe mara nyingi anakumbuka jambo. Wakunga wazuri hawaulizi "tarehe ngapi?" wakaishia hapo. Huuliza: ilikuwa kabla ya Idi au baada? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Ulikuwa umeshakwenda Saba Saba? Mshahara ulikuwa umetoka? "Nilikuwa kwenye siku zangu siku ya Nane Nane, nikashindwa kwenda" ni tarehe nzuri kabisa.

Wiki mbili zinazoleta ugomvi nyumbani

Turudi kwa yule wa 10 Juni. Tuseme mume ni dereva wa lori, alikuwa njia ya Tunduma, akarudi nyumbani tarehe 24 Juni. Tarehe 22 Julai mama anapimwa kliniki, karatasi ya majibu inasema wiki 6. Baba anahesabu wiki sita nyuma kwa vidole: 10 Juni. Siku hiyo alikuwa Mbeya. Basi mimba si yake.

Ni yake, au angalau hesabu haimkanushi. Wiki 6 za kliniki zina wiki mbili za mwanzo ambazo mimba haikuwepo: siku za hedhi yenyewe na siku za yai kukomaa. Kwa mzunguko wa siku 28 yai hupevuka karibu siku ya 14, yaani 24 Juni. Mtoto tangu kutungwa ana wiki 4. Mtoa huduma anayeandika "6/52" (yaani wiki 6) kwenye karatasi na kuwaacha wawili waende nayo nyumbani bila kulieleza hili amefanya nusu ya kazi yake. Sentensi moja tu inatosha: "Hizi tunahesabu tangu hedhi, siku mnayoifikiria ninyi ni wiki mbili baadaye." Tunalisema kwa mkazo kwa kuwa ni rahisi sana kulizuia, na madhara yake humwangukia mwanamke.

Altrasaundi: nini cha kudai

Vituo vya altrasaundi viko karibu na kila geti la hospitali jijini. Uliza bei kabla ya kulala kitandani, na uulize jambo moja zaidi: je, nitapewa ripoti yenye vipimo? Picha nyeusi ya kumbukumbu bila namba haina kazi ya kitabibu.

Usiende siku ya kwanza ya mistari miwili. Kwa kipimo cha ndani, cha kupitia ukeni, mfuko wa mimba huanza kuonekana karibu wiki 5, na mtoto mwenye mapigo ya moyo karibu wiki 6. Kwa kipimo cha juu ya tumbo ongeza kama wiki moja. Ukienda wiki ya 4 utaonyeshwa kizazi kitupu na kurudishwa nyumbani na hofu. Wakati mzuri wa kupata umri ni wiki ya 8 hadi ya 13. Cha juu ya tumbo mapema kinahitaji kibofu kilichojaa, kunywa kama lita moja saa moja kabla. Cha ndani kinahitaji kibofu kitupu.

Kwenye ripoti tafuta CRL. Ni urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni, kwa milimita, na ndicho kipimo sahihi kuliko vyote vya umri: kinakosea kwa siku 5 hadi 7 tu mpaka wiki 13 na siku 6. GS ni mfuko wa mimba. Ukipimwa mfuko peke yake umri ni wa kukisia zaidi. GA ni umri, EDD ni tarehe ya matarajio. Ukitaka kuhakiki mwenyewe, chukua CRL ongeza 42, upate siku kwa makadirio. CRL ya milimita 10 ni siku 52, wiki 7 na ushei. Ripoti ikikuandikia wiki 10 kwa CRL hiyo, kuna aliyekosea kuandika. Rudi dirishani.

Tahadhari moja kubwa. Ukiambiwa "mfuko hauna mtoto" au "moyo haupigi", tazama namba kabla ya kukubali kusafishwa. Madaktari wanakata shauri kwa kipimo kimoja pale CRL inapofika milimita 7 bila mapigo, au mfuko unapofika wastani wa milimita 25 bila mtoto, kwa kipimo cha ndani. Chini ya hapo hakuna haraka kama huna maumivu makali wala damu nyingi: unarudia baada ya siku 7 hadi 14. Mimba nyingi zinazodhaniwa tupu kwenye wiki ya 5 ni changa tu kuliko kalenda ya mama.

Kalenda na altrasaundi zikipishana, ifuatwe ipi? Kabla ya wiki 9 kamili, tofauti ikizidi siku 5, fuata altrasaundi. Kutoka hapo hadi wiki 13 na siku 6, ikizidi siku 7. Kati ya wiki 16 na 21, ikizidi siku 10. Kuanzia wiki 28, mpaka izidi siku 21, kwa kuwa watoto wameshatofautiana ukubwa na mashine inapima ukubwa tu, kisha inaubadilisha kuwa wiki. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, kalenda ibaki.

Kisha kliniki

Mistari miwili ikithibitika, kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12, na mwenza wako. Kwa sera, huduma hiyo ni bure kwenye vituo vya serikali. Utapimwa wingi wa damu, VVU, kaswende, malaria na presha, utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Foliki yenyewe, mikrogramu 400 kwa siku, inafaa kuanza hata kabla ya kliniki, maana uti wa mgongo wa mtoto unafungika wiki za mwanzo kabisa. Umri sahihi una kazi hapa: SP ya kukinga malaria haianzi kabla ya wiki ya 13, dozi zinapishana angalau mwezi, na anayetumia Septrin kwa ajili ya VVU hapewi SP.

Mkunga atapapasa tumbo. Wiki ya 12 kizazi kinachungulia juu tu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 kiko usawa wa kitovu. Kuanzia hapo hadi wiki ya 36 sentimita za futi ya kitambaa zinakaribiana na wiki, zikipishana mbili. Kitoto kucheza huanza kusikika wiki ya 18 hadi 20 kwa mimba ya kwanza, mapema kidogo kwa aliyewahi kuzaa. Vyote hivi ni vya kuhakiki tarehe, haviibadilishi.

Ripoti ile ya kwanza yenye CRL ibane kwa stepla ndani ya kadi ya kliniki, na tarehe ya matarajio iandikwe kwenye kadi kwa wino. Ukienda kupiga altrasaundi nyingine mimba ikiwa ya miezi minane, mashine itachapa tarehe mpya ya kujifungua, wiki mbili kabla au baada. Mtu akitaka kukuanzishia uchungu au kukupangia upasuaji kwa tarehe hiyo mpya, fungua kadi, mwonyeshe ile ya ripoti ya kwanza.